Chombo Kilichoasi au Chombo Kilichotii?

Mtambo usiohitaji mkono wa mtu kila wakati twauita "mtambo unaojiendesha". Kiambishi -ji- chadokeza kwamba mwendeshaji na mwendeshwa ni kitu kimoja. Mtambo huo ukipotea njia, twasema "umeasi". Mkasa wa roketi Ariane 5 waonyesha jinsi maneno hayo mawili yanavyoweza kutupotosha.

Tarehe 4 Juni 1996, roketi hiyo ilirushwa kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, katika Guyana ya Ufaransa, ikibeba setilaiti nne za utafiti. Sekunde zipatazo 40 baadaye ilipinda ghafla, ikavunjika, na mtambo wake wa kujiharibu ukailipua. Hakukuwa na abiria ndani yake. Na walio chini hawakuwa na nafasi ya kuokoa lolote.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions ilieleza chanzo Julai mwaka huohuo. Roketi ilikuwa na vifaa viwili vya kupima mwendo na mwelekeo, kimoja kikiwa akiba ya kingine. Lakini vyote vilitumia programu ileile, iliyorithiwa kutoka Ariane 4. Programu hiyo ilihamishia kipimo kimoja, kilichohusiana na kasi ya mlalo, katika nafasi ya biti 16, isiyopokea namba inayozidi 32,767. Katika safari za Ariane 4 kipimo hicho hakikukaribia kikomo hicho, kwa hiyo wahandisi waliamua kutokiwekea kinga. Ariane 5 ilipata kasi ya mlalo kubwa zaidi. Namba ikafurika, na vifaa vyote viwili vikaacha kazi. Kompyuta kuu ikapokea taarifa ya hitilafu, ikaisoma kama vipimo vya safari, ikageuza midomo ya injini ili kurekebisha mpotoko ambao haukuwapo. Zaidi ya hayo, hesabu hiyo haikuwa na faida yoyote baada ya roketi kuruka.

Basi hakuna kilichoasi. Kila kifaa kilitii agizo lake. Uongozi wa binadamu haukupotea angani. Ulikwisha kutumika mezani, pale kinga ilipoachwa, na pale programu ilipokosa kujaribiwa kwa njia halisi ya roketi mpya. Waliokaa mbele ya skrini siku ile walikuwa watazamaji tu.

Kiambishi -ji- humficha mtu, hakimwondoi. Tukiambiwa kwamba mtambo fulani uko chini ya usimamizi wa binadamu, hatuna budi kuuliza: ni binadamu yupi, na aliusimamia lini?