Pikipiki Kuukuu: Itengeneze Kwanza, Rangi Baadaye

Katika maboma mengi ya wakulima utaona pikipiki kuukuu imeegemezwa nyuma ya ghala, kuku wamelala juu ya kiti chake na majani yameota kati ya spoki. Mwenyewe husema, "Hiyo imekufa." Mara nyingi haikufa, imechoka tu. Mtu mwenye subira, spana chache na Jumamosi zake kadha wa kadha aweza kuifufua, ikarudi kuchukua maziwa asubuhi na mbolea jioni.

Lakini iko njia njema ya kufanya kazi hii, na iko njia mbaya. Njia mbaya ni kuanza na rangi. Naijua sana, maana niliifuata mwenyewe.

Mwaka 2016 nilinunua mnadani pikipiki kuukuu ya Yamaha AG100. Pikipiki hii iliundwa hasa kwa kazi za shamba, na herufi AG zatokana na neno la Kiingereza la kilimo. Injini yake ni ndogo, sentimita 97 za ujazo. Ina keria mbele na nyuma, na cheni yake imefunikwa isiingie matope. Yangu ilikuwa imejaa kutu, nami nilikuwa na haraka ya kuonekana nayo barabarani. Nikaisugua kidogo, nikaipaka rangi ya kijani kwa siku moja tu. Ikang'aa, majirani wakanisifu. Hawakujua, nami sikujua, ya kuwa chini ya rangi ile, shingoni mwa fremu, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Baada ya miezi mitatu, asubuhi moja nikiwa na mitungi miwili ya maziwa ya lita 20, ufa ule ulifunguka njiani. Usukani ukalegea mikononi mwangu, nikaingia mtaroni. Nilivunjika kifundo cha mkono, wala si shingo, namshukuru Mungu. Lakini maziwa yote yalimwagika, na mtungi mmoja ulikuwa wa jirani yangu mjane, ambaye fedha za maziwa ndizo karo ya watoto wake. Nilimlipa, lakini sijasahau jinsi alivyouangalia mtungi wake mtupu bila kusema neno. Wazee walisema kweli: mficha maradhi, kifo humfichua. Rangi juu ya kutu ni kuficha maradhi.

Kwa hiyo, msomaji, ukitaka kuifufua pikipiki yako, fuata mpango huu, wala usiruke hatua.

KUTAYARISHA NA KUSAFISHA

Chagua mahali pakavu penye hewa nyingi, mbali na jiko na taa ya moto. Tafuta spana, bisibisi, koleo, brashi ya waya na mikebe michache mitupu. Kila unapofungua sehemu moja, tia nati na bolti zake katika mkebe wake na uandike jina juu yake. Ukiwa na simu yenye kamera, piga picha kabla ya kufungua, hasa mahali nyaya zinapopita. Usitegemee kichwa chako. Leo waona ni rahisi, lakini baada ya wiki mbili hutakumbuka waya gani ulikaa wapi.

Osha matope kwa maji na sabuni, ukiwa umeziba kwa kitambaa tundu la kuvutia hewa na bomba la moshi. Grisi nzito iondoe kwa mafuta taa na brashi. Usitumie petroli kwa kazi hii, kwa maana mvuke wake hutambaa chini na kushika moto ulio mbali.

KUTAFUTA UFA KWA CHAKI

Hatua hii ndiyo niliyoiruka mimi. Vua kiti, tangi na keria, ili fremu ionekane yote. Kwangua rangi na kutu mpaka uone chuma, hasa katika sehemu hizi: shingo inayoshika usukani, maungio ya mkono wa nyuma unaoshika gurudumu, mahali pa kukanyagia, na miguu ya keria inayobeba mzigo.

Sasa paka mafuta taa mahali palipokwanguliwa, ungoje kama dakika 15. Yapanguse yote kwa kitambaa kikavu mpaka pasiwe na unyevu. Kisha sugua chaki nyeupe ya shule juu yake, iwe kama unga mwembamba. Ngoja tena. Pakiwa na ufa, mafuta taa yaliyojificha ndani yatatoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chaki. Mafundi wa reli wa zamani walitumia njia ya namna hii, ya mafuta na chokaa, kuvipima vyuma vyao. Gharama yake ni kipande cha chaki.

Ukiona mstari, usiupake kitu. Ipeleke fremu kwa fundi wa kuchomelea aliyezoea pikipiki, nawe uvue betri kwanza na uliache tangi nyumbani. Ufa wa keria hutengenezeka kwa urahisi, lakini ufa wa shingo ni jambo la uhai. Fundi akisema fremu haifai, msikilize. Vifaa vilivyobaki waweza kuvitia katika fremu nyingine, mradi ununue yenye hati halali.

TANGI

Tazama ndani ya tangi kwa tochi. Ukiona kutu, mimina petroli yote, osha kwa maji na sabuni, kisha ujaze siki. Tia nati chache au mnyororo mdogo, tikisa, uache usiku na mchana, utikise tena. Siki hula kutu. Ukiimwaga itatoka na rangi ya chai.

Siki ikibaki itaanza kula chuma chenyewe. Kwa hiyo koroga magadi katika maji, uyamimine ndani. Yatatoa povu, na povu hilo ni dalili kwamba magadi yanapambana na ukali wa siki. Suuza kwa maji safi, hesabu nati zako zitoke zote, kausha upesi juani, na uzungushe oili kidogo ndani kutu isirudi.

Tangi likivuja, usikubali mtu yeyote alichomelee kwa sababu tu lanuka kidogo au limekauka. Mvuke wa petroli hubaki ndani ya tangi linaloonekana tupu, na cheche moja hulipasua kama bomu. Mpe fundi anayejua kuliosha na kuliondoa mvuke wote, au ununue jingine.

INJINI

Vua plagi, utie oili kidogo katika tundu lake, kisha sukuma kiki polepole kwa mkono. Ikikataa usiipige teke. Iache usiku kucha oili ipenye, kisha ujaribu tena.

Plagi yenyewe husema habari za injini. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, mambo ni mema. Ikiwa nyeusi yenye masizi, injini yapata petroli nyingi mno, au kichujio cha hewa kimeziba. Ikiwa nyeupe kama mfupa, injini yapata joto kupita kiasi. Mwanya wa plagi katika pikipiki ndogo nyingi ni milimita 0.6 hadi 0.7.

Petroli iliyokaa miaka hugeuka kama gundi na kuziba vitundu vya kabureta. Visafishe kwa dawa ya kabureta, au kwa uzi mmoja wa waya laini wa shaba. Usitumie sindano ya chuma, maana itapanua tundu na injini haitatulia tena.

Habari ya oili yafaa kuangaliwa sana. Injini kama ya AG100 huchoma oili pamoja na petroli, na oili hiyo ina tangi lake na pampu yake. Tangi hilo likiwa lilikauka, hewa imeingia bombani, nayo injini yaweza kushikana kwa kukosa oili. Toa hewa yote katika pampu. Na petroli ya kwanza uichanganye na oili ya namna hiyo, mililita 20 kwa kila lita 1, mpaka uone kwamba pampu yafanya kazi. Oili ya giaboksi ni nyingine, ibadilishe pia. Lakini pikipiki nyingi za siku hizi huweka oili chini ya injini. Hizo hazichanganywi na petroli. Mwaga oili ya zamani, utie mpya mpaka kwenye alama.

BREKI, CHENI NA MATAIRI

Fungua magurudumu uangalie viatu vya breki. Vikiwa vyembamba, au vimelowa oili, nunua vipya. Vumbi lililo ndani usilipulize kwa mdomo, kwa kuwa viatu vya zamani huenda vina asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lipanguse kwa kitambaa chenye maji. Waya wa breki ulioanza kukatika nyuzi usiungwe, ubadilishwe.

Zungusha kila gurudumu na usikilize. Beringi ikinguruma, imekwisha. Cheni isikazwe sana wala isining'inie. Katika pikipiki nyingi ndogo icheze milimita 20 hadi 30 katikati. Cheni iliyofunikwa, kama ya AG100, watu huisahau kwa kuwa hawaioni. Ifunue.

Tairi nalo lina umri. Ubavuni utaona tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za pili ni mwaka. Zikiwa 2309, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Hata likiwa na meno mazuri, tairi la umri huo lenye nyufa ubavuni lisibebe mtu.

Kisha jaribu taa, honi na breki katika uwanja tambarare, polepole. Pikipiki ikikimbia vizuri na kusimama vizuri ingali mbaya machoni, sasa imestahili rangi.

RANGI

Fungua tena sehemu za kupakwa. Rangi ya zamani yaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Kwa hiyo isugue ikiwa imelowa maji, ziba pua na mdomo, uwaweke watoto na kuku mbali, na ukusanye taka yake, isiingie bustanini.

Anza kwa msasa mkali wa namba 80 au 120 mahali penye kutu, ufuate namba 240, umalizie kwa namba 400 pamoja na maji. Osha, kausha, na tangu hapo usiguse chuma kwa mkono mtupu, maana mafuta ya ngozi huizuia rangi kushika. Siku hiyo hiyo paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kabla umande haujaleta kutu mpya.

Rangi ya juu ipake mara mbili au tatu, kila mara nyembamba. Tabaka moja nene hutiririka kama machozi na hukauka juu tu. Ukitumia mkebe wa kupuliza, ushike umbali wa sentimita 25 hadi 30. Chagua siku ya jua isiyo na upepo. Usipake asubuhi ya ukungu wala jioni ya mvua, kwa sababu unyevu huifanya rangi kuwa na weupe kama maziwa. Kwa tangi, ulize dukani rangi isiyoyeyushwa na petroli. Zile rangi za magari zinazochanganywa na dawa ya kukausha zina mvuke mbaya sana kwa mapafu. Mwachie fundi mwenye kifaa cha kupumulia.

Zipo sehemu zisizopakwa rangi: ndani ya breki, meno ya bolti, mapezi ya injini yanayotoa joto, na mahali waya wa umeme unapofungwa juu ya fremu, maana hapo pataka chuma kitupu. Tena nambari ya fremu iliyopigwa shingoni usiikwangue wala usiizibe kwa rangi nzito. Nambari isiyosomeka itakuletea maswali ya polisi.

Kumbuka pia kwamba rangi ya pikipiki imeandikwa katika hati ya umiliki. Ukitaka kuibadili, ijulishe NTSA ili hati irekebishwe. Ukitaka kuepuka safari hiyo, rudia rangi ile ile ya zamani. Kisha hakikisha una bima na kofia ngumu.

Pikipiki yangu niliifungua mara ya pili mkono ulipopona. Niliikwangua mpaka chuma, fundi akaunga shingo, nikapima tena kwa chaki mara mbili kabla ya kununua rangi. Kazi ambayo kwanza niliifanya kwa siku moja ilichukua Jumamosi tisa. Sasa yachukua maziwa ya nyumba nne, pamoja na ya yule mama. Na kila mwanzo wa mwezi, kabla sijaiosha, natoa kipande cha chaki mfukoni na kupima shingo yake.