UZI: Nani atalipa gharama ya kumtunza mzazi wako akizeeka?

1/ Kila msimu wa siasa lazima usikie ahadi hii: "Tutaongeza pesa za wazee!" Watu wanapiga makofi, mjadala unaishia hapo. Leo tupige hesabu yenyewe, ya serikali na ya nyumbani. Hatutaji chama cha mtu.

2/ Kwanza, mzee ni nani? Kwa Katiba ya 2010 (Ibara ya 260) ni mtu aliyezidi umri wa miaka 60. Ibara ya 57 inampa haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia yake NA kwa serikali. Wote wawili wametajwa. Ubishi ni nani abebe kiasi gani.

3/ Inua Jamii: tangu 2018, mpango huu ni wa kila Mkenya wa miaka 70 na zaidi asiye na pensheni. Kiwango ni 2,000 kwa mwezi, yaani kama shilingi 66 kwa siku. Tangu 2018 unga na dawa za presha zimepanda bei mara ngapi? Halafu kufika 70 pekee hakukuingizi kwenye orodha. Ni mpaka usajiliwe.

4/ Ona pengo hapo. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na 60, ana pensheni. Mama mboga wa miaka 62 ambaye magoti yamekataa? Kikatiba ni mzee, lakini Inua Jamii inamwambia asubiri miaka 8. Kwa hivyo mtu akiahidi kuongeza kiwango, muulize pia kuhusu umri.

5/ Hesabu ya serikali. Tuseme, kwa mfano tu, wanaolipwa ni milioni 1. Kwa 2,000 kila mwezi, hiyo ni bilioni 24 kwa mwaka. Ukipandisha hadi 3,000, ni bilioni 36. Ukishusha umri, idadi ya watu nayo inapanda. Pesa hizo ni kodi, ni mkopo, au zitolewe kwa fungu lingine. Anayeahidi bila kusema zitatoka wapi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

6/ Sasa hesabu ambayo husahaulika: mikono. Mzee aliyepata kiharusi anahitaji mtu wa kumwogesha, kumlisha na kumgeuza kitandani, mchana na usiku. Nairobi, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani kimekuwa zaidi ya 16,000 kwa mwezi tangu Novemba 2024. Hiyo ni mara 8 ya pesa za wazee.

7/ Familia nyingi haziwezi. Basi binti mmoja anaacha kibarua chake mjini anarudi ushago. Mshahara aliopoteza hauandikwi popote, si kwa bajeti ya serikali, si kwa kikao cha familia. Miaka ikipita, yeye naye anafika 60 bila akiba. Umaskini umerithiwa hivyo, na kila mtu anamsifu tu kwamba ana moyo mzuri.

8/ "Si kuna SHA?" Iko, tangu Oktoba 2024. Lakini mchango wako unakufunika wewe, mwenzi wako na watoto. Mama yako lazima asajiliwe kivyake na mchango wake ulipwe: kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, na asiye na mshahara hulipa wa mwaka mzima, yaani 3,600. Tena SHA ni ya matibabu. Mtu wa kukaa na mzee nyumbani, daipa na nauli ya kliniki, hizo ni za mfuko wenu.

9/ Na uzee wako wewe? Zamani NSSF ilikuwa 200 yako na 200 ya mwajiri. Miaka 20 ya hiyo ni 96,000 kabla ya riba. Haikufikishi mbali. Tangu Februari 2023 kila upande unatoa asilimia 6, hadi kikomo kilichowekwa. Makato yanauma, na una haki ya kuuliza pesa zinasimamiwaje. Wewe wa boda au kibanda pia unaweza kujiunga kwa hiari.

10/ Nyumbani, kaeni kikao kabla mzazi hajaugua. Andikeni kwa karatasi: chakula, dawa, nauli, SHA, mtu wa kumwangalia. Nani anatoa pesa? Nani anatoa muda? Anayetoa muda ahesabiwe amechanga, na apewe kitu cha mkononi kila mwezi, hata kama ni kidogo. Kungoja kufungua kikundi cha WhatsApp cha mchango mzee akiwa amelazwa ni kuanza na deni.

11/ Na mgombea akija kwenu, usimwache aondoke bila kujibu haya:
– Wazee wa miaka 60 hadi 69 mna mpango gani nao?
– Pesa zitatoka fungu gani?
– Zitalipwa tarehe ngapi? Zikichelewa, mzee anakopa dukani.
– Anayemtunza mzee bila mshahara atasaidiwaje?

12/ Bajeti husomwa Juni, lakini maoni ya wananchi huchukuliwa kabla ya hapo. Swali la nne karibu hakuna anayelipeleka. Peleka wewe.