Mwembe wa Kisugu haujazaa Kabale

KISUGU, Kampala — Kila Desemba, Krismasi ikikaribia, jirani yangu hapa Kisugu hupanda basi la Kabale na mizigo ya aina mbili: bidhaa za kuuza ng'ambo ya mpaka wa Katuna, na miche ya matunda ndani ya viriba kwa ajili ya mama mkwe wake. Safari ya kwanza alibeba miembe mitatu. Huu ni mwaka wa saba. Miwili ilikauka, na mmoja umesimama, una majani ya kupendeza, wala haujatoa hata embe moja.

Amelalamika kwa muuzaji wa miche. Muuzaji ameapa kwamba mche ulikuwa mzima. Wote wawili wanasema kweli.

Tatizo ni mwinuko. Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi 6 hivi, kwa hiyo mche unaotoka Kisugu kwenda Kabale unapoteza karibu nyuzi 5. Usiku wa Kigezi unaweza kushuka hadi nyuzi 10. Baridi hiyo haiui mwembe mkubwa, lakini maua yake yakikutana na ukungu hushindwa kushika matunda, na ugonjwa wa kuvu huyamaliza yanayobaki. Papai hujitahidi kuzaa, ila dogo na lisilo na utamu. Nanasi huishi, lakini huchukua muda mrefu zaidi kukomaa na huwa chachu.

Mfanyabiashara anayepeleka miche Musanze nchini Rwanda, Limuru nchini Kenya au Njombe nchini Tanzania atakutana na hali hiyohiyo. Uliza kwanza mteja anaishi kwenye mwinuko gani, ndipo uzungumze bei.

Yapo matunda yanayoipenda baridi hiyo. Parachichi zilizobebeshwa, aina ya Hass na Fuerte, hustahimili nyanda za juu vizuri. Matunda damu, ambayo Wanyarwanda huyaita ibinyomoro, hustawi huko kuliko hapa kwetu. Pasheni pia inafaa, mradi iwe ya zambarau. Ile ya manjano ni ya maeneo ya joto, na miche ya aina hizo mbili ikiwa midogo si rahisi kuitofautisha kwa macho. Nunua kwa mtu unayeweza kumrudia.

Mahali pa kupanda nyumbani ni muhimu kama aina ya mche. Hewa ya baridi huteremka kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo mti wa kwenye mteremko huwa na nafuu kuliko wa chini. Ukuta wa matofali unaopigwa na jua la alasiri hutunza joto na kulitoa usiku. Nyuma ya jiko ni pazuri zaidi. Ulaya, ambako barafu ingeua kila kitu, watu hupanda migomba mifupi kwenye vyungu vikubwa: kiangazi hukaa nje, baridi ikianza huingizwa sebuleni. Ni pambo zaidi kuliko chakula, lakini wanafurahi.

Sasa mpakani. Wafanyabiashara wengi wanaujua utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, na baadhi hudhani unafunika kila kitu. Cheti cha asili ya bidhaa hakichukui nafasi ya cheti cha afya ya mimea, na nchi unayoingia inaweza kudai kibali chake pia. Miche isiyo na karatasi hunyang'anywa na kuchomwa. Inauma, hasa ukiwa umeilipia nauli kutoka Kampala.

Lakini sababu ya ukali huo tunaijua sisi Waganda kuliko wengine. Mwaka 2001 mnyauko wa migomba ulionekana Mukono. Miaka michache baadaye ulikuwa Kongo, Rwanda, Tanzania na Kenya. Ugonjwa huo husambazwa na wadudu wanaotembelea maua, na panga lisilosafishwa, na pia machipukizi ambayo mtu humpelekea ndugu yake kwa nia njema. Chipukizi huonekana zima na bado likabeba ugonjwa. Kwa maoni yangu, chipukizi la shambani lisivuke mpaka hata kidogo. Mwenye kutaka mgomba atafute miche iliyokuzwa maabara.

Kigezi nako kuna funzo la upande wa pili. Wakulima wa huko hupanda tufaha aina ya Anna, lililozalishwa Israel kwa ajili ya nchi zisizo na baridi kali. Kwa kuwa mti haupati majira ya kupukutisha majani, huyang'oa kwa mkono ili uchanue.

Mwaka huu jirani yangu ameondoka na parachichi nne za Hass na pasheni mbili za zambarau. Alipendekeza mwembe ukatwe kupisha parachichi. Mama mkwe amekataa: ndipo anapokaa mchana kumenya viazi.