Kutoka Matusi Hadi Tashtiti: Kazi Mradi za Kubuni katika Darasa la Uandishi

Tunapoifikia mada ya tashtiti katika kozi ya Uandishi wa Kubuni, zoezi lililozoeleka ni kuwaomba wanafunzi waandike kurasa mbili za kukejeli jambo lolote linalowakera. Siku ya kukusanya kazi, mwalimu hupokea rundo la matusi. Mbunge ni mwizi, ana kitambi, hana haya. Kondakta wa teksi ni mnyama. Mwenye hosteli ni fisi. Hasira ipo, na aghalabu ni ya haki, lakini tashtiti haipo. Msomaji akimaliza kurasa hizo amejua jambo moja tu, kwamba mwandishi amekasirika.

Makala haya yanaeleza kazi mradi tunazozitumia katika idara yetu badala ya zoezi hilo. Tunawaandikia hasa walimu wenzetu wa hapa Uganda, ambako wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili kama lugha ya pili au ya tatu, pamoja na wanafunzi wenyewe.

Hatuna budi kuanza na istilahi, maana wanafunzi wetu husoma vitabu vya pande zote mbili za mpaka. Katika vitabu vingi vya shule vya Tanzania, tashtiti ni tamathali ya kuuliza swali ambalo muulizaji analijua jibu lake. Katika vitabu vya Kenya, hususan baada ya Kamusi ya Fasihi ya K. W. Wamitila (2003), tashtiti ni utungo unaoanika upumbavu na maovu ya watu kwa kejeli, kwa nia ya kuwarekebisha. Sisi tunafuata matumizi haya ya pili. Mwalimu asipolisema hili siku ya kwanza ataletewa orodha ya maswali ya balagha, na walioyaandika watakuwa wametii kitabu chao.

Msingi wa kazi mradi zote ni mmoja: mwanafunzi haruhusiwi kusema kwamba amekasirika. Anapewa umbo rasmi la maandishi, kama vile tangazo, barua, mwongozo, kamusi au hotuba, naye anatakiwa kulifuata kwa uaminifu wote huku akilitia jambo ambalo halistahili kuwamo. Kicheko, kikija, kitoke katika kutopatana kwa umbo na jambo. Mwandishi mwenyewe asikunjue uso.

Mfano tunaoanza nao ulitokea Kampala. Mwezi Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchoraji wa vibonzo ambaye pia ni mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Makerere, aliwaalika watu katika mtandao wa Twitter, kama ulivyoitwa wakati ule, kushiriki maonyesho ya mashimo ya barabara za Kampala. Watu wakapiga picha mashimo ya mitaa yao na kuyaleta kana kwamba ni kazi za sanaa. Hapakuwa na haja ya kumtukana mtu. Neno moja, maonyesho, lilifanya kazi yote. Maonyesho yana waandaaji na yana wasanii, na shimo likishaingizwa humo linauliza lenyewe msanii wake ni nani. Haikuchukua muda mrefu Rais akaagiza fedha za ukarabati zitolewe. Baadaye yakafuata maonyesho ya hali ya afya, na mwaka 2024 yakafuata ya Bunge. Wanafunzi wanaukumbuka mkasa huu vizuri, ila wengi hawakuwa wameutazama kama somo la fasihi.

Kutokana na hapo kazi ya kwanza ni kuandika mwongozo wa matumizi ya shimo la barabarani, kwa mtindo ule ule wa karatasi inayokuja na pasi au redio mpya. Kikundi kimoja kiliandika hivi: "Kabla ya kulitumia shimo hili, soma maelekezo yote. Shimo lihifadhiwe mahali penye maji. Lisiachwe wazi karibu na watoto wenye kimo cha chini ya futi nne. Lisijazwe kifusi kabla ya mwaka wa uchaguzi." Sentensi ya mwisho ina maneno saba tu, na inasema zaidi ya zile kurasa mbili za fisi na kitambi.

Mwalimu wa lugha aitazame sentensi hiyo kwa jicho jingine pia. Ili aiandike, mwanafunzi amehitaji upatanisho wa ngeli ya LI-YA, kauli ya kutendwa na hali tegemezi ya ukanushi, vyote ndani ya kitenzi kimoja. Wengi wetu tumezoea Kiswahili cha mitaani ambacho "shimo inajaa" na "magari inapita" ni mambo ya kawaida. Katika insha ya kawaida kosa hilo hupunguza alama moja na maisha yakaendelea. Katika tashtiti kosa huhamisha shabaha. Karatasi inayojifanya ya kiwandani ikisema "shimo isijazwe", msomaji anaacha kulicheka shimo na kuanza kumcheka mwandishi. Wanafunzi wanalielewa hili haraka kuliko maelezo yoyote ya ubaoni, na tumewaona wakibishana juu ya kiambishi kimoja kwa robo saa bila kulazimishwa na mtu.

Kazi ya kamusi inafanana na hiyo, ila ni fupi na inafaa hata kwa sekondari. Mwanafunzi anaandika vidahizo vitano kwa kufuata utaratibu wa Kamusi ya Kiswahili Sanifu: aina ya neno, ngeli, maana kwa nambari. Tumewahi kupata "chai nm [i-/zi-] 1 kinywaji cha majani yaliyochemshwa. 2 ada ya huduma ambayo ukutani imeandikwa ni bure", na "kesho kl siku ambayo fundi humaliza kazi", na, kwa ufupi wa kupendeza, "mkandarasi nm [a-/wa-] tz mjomba". Hotuba ya mgeni rasmi nayo haina shida. Kila mmoja wetu ameketi juani akisubiri itifaki izingatiwe. Hotuba bora tuliyoipata ilitumia kurasa zote mbili kuwatambua waheshimiwa waliohudhuria, kwa vyeo vyao kamili, kisha ikamalizika: "Kwa kuwa muda umetutupa mkono, natangaza kwamba kisima kimefunguliwa rasmi. Maji yatafuata."

Kazi iliyotufikirisha kuliko zote ni ya barua rasmi. Mwombaji kazi ni yule korongo mkubwa wa majalalani ambaye Waganda humwita kalooli, na anaiandikia halmashauri ya mji akiomba nafasi ya ofisa wa taka. Wanafunzi waliifurahia. Ndege huyo alieleza kwamba ana uzoefu wa miaka mingi, kwamba amefanya kazi bila mshahara, bila sare wala kutia saini daftari la mahudhurio, na kwamba wadhamini wake wanapatikana Kiteezi saa zote za mchana.

Kisha tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala tangu 1996, liliporomoka baada ya mvua na kufukia nyumba. Walikufa watu zaidi ya 30. Tulijadiliana katika idara kama kazi hiyo iondolewe. Wapo waliosema kifo hakifanyiwi utani, na hoja yao ni nzito. Tuliibakiza, lakini kwa sharti kwamba kila kikundi kijibu swali kabla ya kuandika: barua hii inamcheka nani? Rasimu zilizowacheka waokota taka na wakazi wa kando ya jalala zilirudishwa. Kikundi kimoja kikaamua kuandika barua ya kujiuzulu. Kalooli anauarifu uongozi, kwa heshima na taadhima, kwamba hawezi kuendelea na kazi kwa kuwa kituo chake kimehamishiwa juu ya nyumba za watu bila yeye kupewa taarifa, na anaomba malimbikizo yake wapewe majirani. Barua iliposomwa darasani hakuna aliyecheka. Tuliipa alama za juu kuliko zote. Hapo ndipo wanafunzi walipoona kwamba tashtiti hailazimiki kuchekesha, mradi umbo lake rasmi, pamoja na ubaridi wake, lishikiliwe mpaka mstari wa mwisho.

Swali la nani anachekwa lina upande mwingine ulio karibu nasi zaidi. Mwanafunzi wa Uganda akiambiwa afanye mzaha kwa Kiswahili, jambo la kwanza linalomjia ni lafudhi: jinsi Mganda anavyochanganya r na l, jinsi mtu wa Kaskazini anavyotamka sh, jinsi Mkongo anavyosema. Huo ndio utani rahisi, na darasa zima hucheka isipokuwa mtu mmoja. Tumeshuhudia mwanafunzi aliyekuwa akizungumza kwa wingi akinyamaza muhula mzima baada ya igizo la namna hiyo. Kwa mwalimu wa lugha hiyo ni hasara isiyofidiwa na kicheko chochote. Ndiyo maana kanuni yetu haina msamaha: asichekwe mtu kwa kile alichozaliwa nacho, iwe ni kabila, umbile, ulemavu au ulimi wa mama yake.

Wakiona kanuni hiyo ni ya kizee, tunawakumbusha ya jirani. Nchini Rwanda, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, gazeti la Kangura lilitumia vibonzo na redio ya RTLM ilitumia utani na muziki kuwadhalilisha watu kwa sababu ya walivyozaliwa. Waliosikiliza walicheka. Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani watu watatu waliohusika na vyombo hivyo. Hatusemi kwamba igizo la darasani ni sawa na hayo. Tunasema mbinu ni ile ile, na anayefundishwa kuitumia afundishwe pia mahali isipopaswa kuelekezwa.

Kanuni ya pili inahusu majina. Kazi zetu hazimtaji mtu aliye hai. Hatufanyi hivyo kwa sababu ya woga tu, ingawa woga wenyewe una historia: Byron Kawadwa, mwandishi wa tamthilia ya Kiganda Oluyimba lwa Wankoko, aliuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, mwaka ule ule tamthilia hiyo ilipoonyeshwa katika tamasha la FESTAC jijini Lagos. Sababu kubwa ni ya kisanaa. Shaaban Robert alipochapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, aliibuni nchi inayoelea angani, na kwa sababu haipo popote imeendelea kusomwa kuhusu kila mahali. Jina la waziri wa leo litahitaji maelezo chini ya ukurasa baada ya miaka kumi.

Kuhusu usahihishaji, tunatoa alama 30. Kumi ni za uaminifu kwa umbo lililoazimwa, kumi za lugha, na kumi za shabaha. Neno la matusi likionekana, alama za shabaha zinapungua kwa nusu. Kazi husomwa darasani na mwanafunzi ambaye hakuiandika, kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari. Akicheka kabla hajamaliza, anakaa na mwenzake anaendelea pale alipoachia.

Muhula ujao tunaongeza kazi inayotokana na Wimbo wa Lawino, tafsiri ya Paul Sozigwa (1975) ya utungo wa Okot p'Bitek. Lawino amesema yake, na Ocol naye akapewa utenzi wake mwaka 1970. Clementine, anayesemwa na Lawino kuanzia poda mpaka kucha, hakupewa nafasi ya kujibu. Wanafunzi watamwandikia barua yake kwa mhariri wa gazeti, isiyozidi maneno 300, yenye anwani na tarehe.