Walaji Wasioonekana Katika Mlango wa Mto



Himidi zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa kikubwa na kidogo. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu zangu wa kike na wa kiume, kamba akishaungwa kwa tui na kuwekwa sinia mbele ya watoto, ni nadra mtu kuuliza kamba huyo naye alikula nini hata akanona. Katika Suratu Hud, aya ya 6, Mola ametujulisha kuwa riziki ya kila kiumbe imo katika dhamana Yake. Leo na tuitazame riziki ya viumbe ambao macho yetu huwapita, ilhali sahani zetu zawategemea.

Wataalamu huwaita zuplanktoni, yaani wanyama wadogo mno wanaochukuliwa na mikondo ya maji. Miongoni mwao wamo watoto wachanga wa kamba, kaa na samaki. Walio wengi zaidi ni kopepodi, jamaa wa mbali wa kamba, ambao aghalabu urefu wao hauzidi milimita 2. Makao yao mema ni pale mto unapokutana na bahari, kama Mto Tana huko Kipini na Mto Sabaki kaskazini ya Malindi. Makutano ya maji matamu na ya chumvi yametajwa katika Suratul Furqan, aya ya 53, miongoni mwa dalili za uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Je, viumbe hawa hula nini? Chakula chao cha kwanza ni mimea midogo ya majini isiyoonekana kwa macho, inayokua kwa mwanga wa jua na rutuba iletwayo na mto. Cha pili ni wanyama wadogo kuwaliko wao. Cha tatu ni mabaki ya majani, yakiwemo ya mikoko. Jani la mkoko likianguka huwa gumu na halina lishe kubwa, lakini bakteria na kuvu hulivamia na kulilainisha. Mlaji anapomeza chembe ya jani lililooza, faida kubwa huipata kwa vijidudu vilivyolifunika.

Namna yao ya kula ni ajabu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa kopepodi huchuja maji tu, kama mtu achujaye tui kwa kung'uto. Mwaka 1981, watafiti Koehl na Strickler walichapisha uchunguzi wao uliofanywa kwa kamera za kasi. Kwa kiumbe mdogo kiasi hicho, maji huwa mazito mfano wa asali. Yeye hupiga viungo vyake kuyavuta maji, na chembe nzuri ikikaribia huidaka pamoja na tone lililoizunguka. Baadhi yao, kama wa jenasi ya Acartia, hutumia mbinu mbili: mimea midogo huivutia kwa mkondo, na windo linaloogelea hulivizia kwa utulivu kisha wakalirukia. Wengi hupanda juu kula usiku na kushuka mchana, ili wasionekane na samaki.

Basi kiumbe huyu asiye na shule huchagua; chembe mbaya huweza kuikataa. Nasi tulioamrishwa kula vilivyo halali na vizuri, tuna la kuzingatia hapo. Lakini uwezo wake wa kuchagua una mpaka, na mpaka huo sisi ndio tunaouvunja.

Mto Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi kwa jina la Athi. Mvua zikinyesha juu ya mashamba yaliyoachwa wazi, hushuka na udongo mwingi, na bahari ya Malindi ikageuka rangi ya kahawia. Tope hilo huzuia mwanga, mimea midogo ikadhoofika. Likizidi, kopepodi hutumia nguvu zake kupambana na chembe za udongo na hupata chakula kidogo. Plastiki nayo ina hatari yake. Mwaka 2013, watafiti wa Uingereza walionyesha katika maabara kuwa zuplanktoni humeza vipande vidogo sana vya plastiki, na kwamba kopepodi waliowekwa pamoja na plastiki hiyo walipunguza kula mimea yao. Mlaji akidhoofika, samaki mchanga anayemtegemea hukosa riziki, kisha mvuvi, kisha jiko letu.

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, lakini chupa na vifuniko bado vyajaa kwenye hori zetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani. Njia ya maji nayo ni njia ya viumbe wa Mungu. Mama asimwage mafuta yaliyokwisha kukaangia katika mtaro unaoelekea baharini. Baba asikate mikoko pasipo ruhusa wala haja, na mwenye shamba kando ya mto aache ukanda wa nyasi na miti ushike udongo. Watoto wafunzwe kwamba taka itupwayo mtaroni haipotei, bali yaenda kuwa tonge la kiumbe mwingine.

Twamuomba Mola atujaalie tuwe waangalizi wema wa amana Yake, na abariki riziki za wavuvi wetu na za kila nyumba. Amin.

Wabillahi tawfiq.