Laptopu ya Mtumba: Ulipie Bando la Kifurushi au la Mfumo Mzima?

Kama laptopu yako inawaka vizuri na ulichokosa ni programu moja tu, ya kuandikia barua au kutazama video, usishushe mfumo mzima. Shusha kifurushi cha programu hiyo, basi.

Kifurushi, kama faili za .deb za mifumo ya Linux ya Debian na Ubuntu, hubeba programu pamoja na maagizo ya kuiweka kwenye mfumo uliopo. Taswira, yaani faili ya .iso au .img.xz, ni mfumo wote umeshindiliwa pamoja.

Tupige hesabu. Bando la GB 1 la saa 24 limekuwa likiuzwa shilingi 99 hapa Kenya. Taswira ya Ubuntu 24.04 inakaribia GB 6, yaani kama shilingi 594. Ya Linux Mint ni karibu GB 3, nusu ya pesa hizo. Ile ndogo ya Debian haifiki GB 1, na ndiyo inayonasa watu: ukianza kuiweka, huvuta vifurushi vilivyobaki mtandaoni na bando likaendelea kuliwa. Bando la saa moja la shilingi 19 linavutia, lakini mtandao ukisuasua saa inakwisha na faili haijakamilika.

Kifurushi nacho kina gharama yake ya kificho. Programu ya MB 5 huenda ikahitaji vifurushi vingine vya MB 200 ndipo ifanye kazi. Heri apt, programu ya Debian na Ubuntu ya kuweka vifurushi, hukuonyesha jumla ya kushushwa kabla hujakubali. Isome namba hiyo. Na mtandao ukikatika, vifurushi vilivyokwisha kuingia havipotei.

Laptopu ikigoma kufungua mfumo, au ikiwa bado ina Windows 10, ambayo masasisho yake ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na haina nguvu ya toleo jipya, hapo huna budi kutumia taswira. Lakini usiinunulie bando. Kama uko Kibarani, Mombasa, panda matatu, vuka Makupa, ukanakili kwa fundi mjini.

Angalia flashi yako kwanza. Ikiwa imepangwa kwa FAT32, inakataa faili moja inayozidi GB 4, hata iwe na nafasi ya GB 32. Ipange upya kwa exFAT, au mwambie fundi aandike taswira moja kwa moja iwe flashi ya kuwashia. Njia zote mbili hufuta vilivyomo.

Hamisha picha na nyaraka zako zote kabla diski haijaguswa. Mifumo hii ya Linux ni ya bure: mlipe fundi jasho lake, na akikudai ada ya leseni, tafuta mwingine.