Ng'ombe Waliookoa Msitu

Mtu atokaye mjini London kwenda kaskazini mashariki hufika katika Msitu wa Epping, ambao ukubwa wake ni eka 6,000 hivi. Zamani wafalme wa Uingereza waliwinda humo. Nyumba ya mbao aliyoijenga Mfalme Henry VIII mwaka 1543, ili uwindaji utazamwe kutoka juu, ingali imesimama.

Lakini wanakijiji nao walikuwa na haki zao za tangu kale: kulisha ng'ombe msituni na kukata kuni wakati wa baridi. Mti hawakuuangusha. Walikata matawi tu, juu ya kimo cha mnyama, ili machipukizi yasiliwe.

Katika karne ya 19 mabwana wenye ardhi walianza kuuzungushia msitu ua na kuuza viwanja. Huko Loughton mzee mmoja, Thomas Willingale, alishika desturi ya kukata kuni, na mwaka 1866 watu wa jamaa yake walitiwa gerezani kwa ajili hiyo. Alikwenda mahakamani, akafa kabla ya hukumu.

Halmashauri ya Jiji la London ndiyo iliyofaulu. Ilikuwa na shamba karibu na msitu, lililonunuliwa kwa ajili ya makaburi, na shamba hilo lilikuwa na haki ya malisho. Hoja yake ilikuwa nyepesi: ng'ombe mwenye ruhusa ya kula msitu mzima hawezi kuzuiwa na ua. Mwaka 1874 mahakama ilikubali, na sheria ya mwaka 1878 ikaagiza msitu ubaki wazi kwa starehe ya watu wote. Malkia Victoria alikuja mwenyewe mwaka 1882.

Siku hizi watu wa mjini huenda huko kutembea, kupanda farasi na kucheza mpira. Wamo kulungu wenye ngozi nyeusi, bundi na vigogota, tena mdudu mwenye taya kama pembe, ambaye funza wake hula mbao zilizooza ardhini.

Ajabu ni kwamba sheria ile ile iliwanyang'anya wakata kuni haki yao. Walilipwa fidia, na sehemu yake ikajenga ukumbi wa watu wa Loughton, uliofunguliwa mwaka 1884. Miti nayo iliteseka: matawi yasiyokatwa yakawa mazito hata kupasua mashina, na kivuli chake kikaua mimea ya chini. Kwa hiyo walinzi wa msitu wamerudia kukata matawi kwa desturi ya zamani, na ng'ombe wamerudishwa kulisha.